Gari linachemsha: maswali na majibu

Karibu kila msomaji aliyeandika safari hii anataka kujua kama gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku iliyo chini yake, imeungua. Wachache mno wameeleza maji yanapungua kiasi gani na yanakwenda wapi, ilhali hapo ndipo uchunguzi unapoanzia.

Gari langu linachemsha. Tatizo ni nini?

Sijui, na fundi yeyote atakayekutajia tatizo kwa sentensi hiyo moja anabahatisha kwa fedha zako. Eleza kama linachemsha kwenye foleni au kwenye mwendo kasi, kama maji yanapungua, na kama feni inazunguka, kisha uandike tena.

Linachemsha kwenye foleni tu. Nikishika barabara kuu mshale unashuka. Fundi anasema gasketi imeungua na anataka kufungua hedi.

Asifungue kitu. Gari linalopoa mara tu linapopata upepo wa mwendo kwa kawaida linakosa hewa ya kutosha kwenye rejeta, kwa hiyo anza na feni: fyuzi, rilei, mota na sensa inayoiamuru iwake. Washa kiyoyozi, katika magari mengi yenye feni ya umeme, feni inapaswa kuanza kuzunguka papo hapo au muda mfupi baadaye. Kama feni inaendeshwa na injini yenyewe, kagua klachi yake. Angalia pia kama kava la plastiki linaloizunguka feni bado lipo, kwa sababu wapo mafundi wanaolitoa na kulitupa wakidhani ni urembo, na bila kava hilo feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita ndani ya rejeta. Ungeniambia kwamba linachemsha kwenye mwendo kasi na kupanda milima, ningekutuma kwenye rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji iliyochoka, au paipu ya chini inayonywea injini inapovuta maji kwa nguvu.

Nitathibitishaje kwamba gasketi imeungua kabla ya kufungua injini?

Hili ndilo swali ambalo wote mngepaswa kuuliza. Gasketi hutenganisha vitu vitatu, yaani gesi ya mlipuko, maji na oili, na dalili hutegemea ni ukuta upi umeungua. Ndiyo maana oili safi haimaanishi kwamba gasketi ni nzima.

Anza injini ikiwa baridi kabisa. Jaza maji, funga kifuniko, washa, kisha shika paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa imekuwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado ni ya baridi, shinikizo hilo halikuletwa na joto. Limetoka ndani ya silinda. Siku nyingine, injini ikiwa imepoa, iwashe kifuniko kikiwa wazi na utazame mapovu. Mapovu machache ya mwanzo yanaweza kuwa hewa iliyobaki baada ya kujaza maji, lakini yanayoendelea bila kukoma na kuongezeka unapokanyaga mafuta ni gesi. Kipo pia kipimo cha kemikali, kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta na kugeuka njano kinapokutana na gesi ya injini ya petroli. Hakikisha tu hakivuti maji ya rejeta, kwani yataharibu majibu.

Kisha pima kompresheni, yaani shinikizo ambalo kila silinda inalitengeneza. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, ukuta wa gasketi kati yake ndio mshukiwa wa kwanza. Mwishowe toa plagi na umulike ndani: pistoni ambayo silinda yake inaingiza maji mara nyingi huwa imesafishwa na mvuke hadi chuma kinang'aa, wakati jirani zake ni nyeusi kwa masizi. Kumbuka kwamba hedi au bloku yenye ufa hutoa dalili hizihizi.

Kifuniko cha oili kina utando mweupe. Ndiyo basi?

Vuta kijiti cha kupimia oili. Kama oili yake ni safi, maji hayapungui, na safari zako ni fupifupi, huo ni unyevu ambao injini haikupata joto la kutosha kuukausha. Kama kwenye kijiti nako oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe injini tena, hata kwa kuisogeza, kwa sababu oili hiyo hailindi beringi. Hata hapo, chunguza kwanza kipoza oili kama gari lako linacho.

Shikamoo fundi. Nimeshauriwa nitoe themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, kwa kuwa ninakoishi ni joto.

Marahaba, na aliyekushauri asiiguse injini yako. Hewa ya nyuzi 45 bado ni baridi kwa injini inayotakiwa kufanya kazi karibu na nyuzi 90. Bila themostati, injini huchelewa kupata joto lake, kompyuta huendelea kuilisha mafuta mengi, na oili huchafuka mapema. Baya zaidi, katika injini nyingi themostati inapofunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta; ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi na gari linaweza kuchemsha zaidi. Ukiishuku, ichemshe kwenye sufuria yenye kipimajoto: inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi zilizochapwa juu yake, mara nyingi 82 au 88.

Dawa ya kuziba gasketi inafaa?

Inafaa sana, ikiwa unataka kuziba na rejeta pia.

Mshale ulipanda hadi mwisho, ukashuka wenyewe, nikaendelea na safari. Ni sensa?

Huenda maji yalikuwa yamekwisha. Sensa hupima maji inayozamia. Yakiisha, inabaki kwenye mvuke na inaweza kuonyesha joto dogo huku chuma kikiungua. Hita ikipuliza baridi wakati injini ni ya moto, simama na uzime. Usifungue kifuniko: kwa shinikizo la takriban baa 1 maji hayachemki hadi karibu nyuzi 120, na ukiliachia ghafla yatalipuka usoni mwako.

Gasketi imebadilishwa mara mbili na imeungua tena. Ipi ni imara zaidi?

Hakuna gasketi itakayostahimili kosa lilelile. Uliza kama hedi ilipimwa kwa rula ya chuma na filagezi (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), na kama bloku nayo ilipimwa. Watengenezaji wengi hawaruhusu mpindo unaozidi sehemu ndogo ya milimita, mara nyingi chini ya 0.1. Uliza kama uso ulisawazishwa kwa mashine au kwa msasa wa mkononi, ambao huchimba mabonde. Uliza kama bolti zilikuwa mpya, maana nyingi za siku hizi hurefuka zinapokazwa na hazirudiwi, na kama zilikazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana yenye kipimo. Halafu uliza ni nini kilichemsha gari mara ya kwanza. Fundi akishindwa kujibu hilo la mwisho, usinunue gasketi ya tatu kabla rejeta, pampu na feni havijapimwa.