Shangazi, sare ya kwaya hainiingii tena

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Uyole, Mbeya. Nimejifungua miezi saba iliyopita na mwili umeongezeka sana. Mama alipotoka Tukuyu kuja kunilea uzazi alifurahi, akasema nimenawiri. Lakini wifi ananiita tipwatipwa mbele za watu. Sare ya kwaya hainiingii, nimeacha mazoezi. Kioo nimekigeuza kinatazama ukuta. Usiku sili, ingawa bado nanyonyesha. Nifanyeje? – Mama Bahati*

Marahaba, mwanangu. Ulipotaja kioo niliumia, nikairudia barua yako.

Mwili ni ule ule, mama kauona neema, wifi kauona kichekesho. Na neno la wifi ndilo limekuganda, kwa sababu alilisema mbele za watu. Sifa ya mama ilibaki chumbani.

Hata jamii nzima hubadilishiwa macho. Huko Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, unene ulikuwa sifa tangu zamani. Televisheni ilipofika Nadroga, eneo mojawapo la nchi hiyo, mwaka 1995, mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari, na hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Aliporudi 1998, asilimia 11 walikuwa wakifanya hivyo. Walimweleza wenyewe kwamba walitamani kufanana na wale wa kwenye televisheni. Wewe televisheni yako iko kiganjani kutwa. Hao wanaokuonyesha tumbo bapa siku ya arobaini, acha kuwafuata.

Kulala njaa ukome leo, nakusihi. Anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na wewe unapunguza! Kula ndizi zako, maharage, mboga na maziwa. Na ukiona unalia bila sababu, hulali hata mtoto akilala, au unaanza kujitapisha, mwambie muuguzi siku ya kumpima mtoto kliniki. Huzuni ya baada ya uzazi ni ugonjwa, na unatibika.

Najua mawifi hutaniana. Lakini utani uliokutoa kwenye kwaya umeshapita mpaka. Mkiwa wawili tu mwambie, "Wifi, jina hilo linaniumiza, niite Mama Bahati." Akiendelea, mumeo ndiye azungumze na dada yake.

Jumamosi peleka sare kwa fundi afumue pindo za ubavuni. Kitambaa kisipotosha, aongeze kipande. Mazoezini nenda hata kabla haijawa tayari, ujifunge kitenge chako.