Mistari minne imejaa, WhatsApp haifunguki

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 24, nina kibanda cha uwakala wa pesa huku Uru, Moshi Vijijini. Nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), fizikia niliiacha kidato cha pili. Kila siku wateja wananiuliza kwa nini mtandao unasumbua, na mimi nabaki kusema "subiri kidogo". Simu janja yangu inaonyesha mistari minne lakini WhatsApp haifunguki, huku kitochi changu kinatuma pesa bila shida. Desemba watu wakija nyumbani kwa Krismasi ndiyo balaa kabisa. Nimejaribu kutazama video za wahandisi, nikakutana na mahesabu matupu. Je, mtu kama mimi anaweza kuyaelewa mambo haya? Nianzie wapi?
Wakala, Uru

JIBU: Marahaba mwanangu. Unaweza. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu hata mimi fizikia sikuisoma. Kabla simu za mkononi hazijafika Moshi, nilikuwa opereta wa swichibodi katika ofisi moja hapa mjini. Mbele yangu palikuwa na ubao wenye matundu thelathini ya simu za ndani, na laini tano tu za kwenda nje. Simu ikiingia nachomeka waya, nauliza anatafutwa nani, kisha nachomeka ncha ya pili kwenye tundu la anayetafutwa. Miaka mingi baadaye nilipoanza kujisomea habari za simu zisizo na waya, nilikuta kazi yangu ileile bado inafanyika, ila sasa inafanywa na mitambo. Kwa hiyo nitakupitisha njia niliyopita mwenyewe.

Meneja wetu alikuwa hatulii ofisini. Nikamwomba kitu kimoja: kila akihama, anijulishe. Akifika stoo ananyanyua simu ya huko, "Opereta, niko stoo," nami naandika kwenye karatasi iliyokuwa mbele yangu. Akihamia karakana, nakata stoo naandika karakana. Simu yake ikiingia, siwasumbui watu wa vyumba vyote. Naangalia karatasi, napiga karakana.

Simu yako inafanya hivyohivyo hata ikiwa imelala mfukoni. Kila baada ya muda, na kila inapoingia eneo jipya, inatuma ujumbe mfupi kwa mnara: "Niko huku." Mtandao una daftari lake kubwa la kielektroniki, na pale panaandikwa laini yako iko eneo gani, eneo lenye minara kadhaa. Mtu akikupigia, minara yote ya eneo hilo inakuita kwa pamoja, simu yako inaitika kupitia mmoja wao, na simu inaita. Ndiyo maana mtu akiwa Mwanza anakupata Uru bila kujua kama leo uko kibandani au umeshuka Mbuyuni kununua mzigo. Ukiwa ndani ya daladala unaongea, mnara mmoja unakukabidhi kwa mwenzake huku mazungumzo yakiendelea. Nilipolielewa hili nilikaa kimya muda mrefu. Nilijua kazi ya kumtafuta meneja mmoja kwenye jengo moja ilivyokuwa. Hapa wanatafutwa mamilioni, nchi nzima, wote wakitembea.

Sasa tuje kwenye mistari yako minne. Laini zangu za nje zilikuwa tano. Saa nne asubuhi wakubwa watano wakiwa wanaongea na Dar es Salaam, wa sita akininyanyulia simu nilikuwa namwambia, "Samahani bosi, laini zimejaa." Simu yake ilikuwa nzima, waya wake mzima, ananisikia vizuri kabisa. Tatizo halikuwa kati yake na mimi. Mistari ya simu yako inasema jambo moja tu: simu yako inausikia mnara kwa nguvu kiasi gani. Haisemi mko wangapi. Kwenye intaneti mnara haumfukuzi mtu wa sita, unamgawia kipande chembamba zaidi, kisha wa sitini chembamba zaidi ya hapo, mpaka picha ya WhatsApp inazunguka tu bila kufunguka. Desemba, kijiji chenye simu mia kadhaa kinapokea ndugu kutoka Dar, Arusha na Mwanza, kila mmoja na simu janja, kila mmoja anarusha video ya mbuzi anayechomwa. Mnara ni uleule wa Machi.

Utauliza, si waongeze laini? Hapo ndipo penye uhaba wenyewe. Mawimbi ya redio hugawanywa kwa masafa, yaani wimbi linatikisika mara ngapi kwa sekunde, na masafa hayatengenezwi kiwandani. Kila kampuni hupangiwa sehemu yake na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Mwaka 1947 Douglas Ring wa Bell Labs, Marekani, alieleza namna ya kuyatumia masafa yaleyale mara nyingi: gawa nchi vipande vidogo kama masega ya nyuki, kila kipande na mtambo wake wa nguvu ndogo. Fikiria harusi mbili kijiji kimoja, kila moja na maspika yake. Hakuna anayesikia kitu. Lakini harusi ya Uru na harusi ya Mwika zinaweza kupiga wimbo uleule usiku uleule na zisisumbuane. Basi watu wakizidi, kampuni inaongeza minara na kupunguza ukubwa wa kila kipande, au inapata masafa zaidi. Yote mawili yana gharama.

Kitochi chako nacho kina siri yake. Ukibonyeza *150*00# au namba nyingine ya nyota, hutumii intaneti. Menyu ile inapita kwenye njia ya maelekezo, njia ambayo simu na mnara huitumia kusemezana wao wenyewe, ndiyo maana inafunguka hata bila bando. SMS nayo inapita humo, na ndiyo sababu ilibanwa kwenye herufi 160. Lakini sikiliza hili kwa makini, maana ni fedha yako: SMS huhifadhiwa kwanza kituoni, halafu simu ndiyo inatafutwa. Simu isipopatikana, ujumbe unasubiri. Kwa hiyo muamala unaweza kuwa umekamilika na SMS haijafika. Usirudie kutuma kabla hujaangalia salio. Nimeona mawakala wakilia kwa kosa hilo moja.

Kuna habari moja ya milimani ambayo video za wahandisi wa nje hazitakupa. Sisi tunaishi kwenye migongo na makorongo. Wimbi la masafa ya megahezi 900 (mitikisiko milioni 900 kwa sekunde) lina urefu wa karibu sentimita 33, rula ya shule na vidole viwili hivi. La megahezi 1800 ni nusu yake. Wimbi refu linafika mbali zaidi na linajipinda vizuri zaidi kwenye kingo za mlima. Fupi linabeba data nyingi zaidi, kwa sababu kwenye masafa ya juu ndiko kwenye nafasi pana, lakini linazuilika upesi. Hivyo mtu akishuka mtoni kuchota maji, simu inaweza kuita na intaneti isiwepo. Mabati ndiyo adui mkubwa zaidi. Kibanda chako kama ni cha bati pande zote, umejifungia ndani ya debe.

Hapo ndipo ninapotaka uanzie masomo yako, kabla ya kitabu chochote. Kwenye simu janja nyingi ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi, namba yenye alama ya kutoa, mfano -95 dBm. Iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo bora. Kila ikishuka kwa kumi, nguvu inayokufikia imebaki moja ya kumi. Mimi nilipima nyumbani kwangu na daftari la mwanangu mkononi: barazani -83, jiko la nje lililozungushiwa bati -103. Hatua kumi na mbili tu, na nguvu imebaki moja ya mia! Mistari ilishuka mmoja tu, kwa sababu kila mtengenezaji wa simu anaamua mwenyewe mstari uwakilishe nini. Pima kibandani, mlangoni, chini ya mgomba, asubuhi na saa mbili usiku. Usilinganishe namba ya 4G na ya 2G, hupimwa tofauti. Namba ikiwa mbaya, tatizo ni mahali uliposimama: sogea, au toboa dirisha. Namba ikiwa nzuri na intaneti haifunguki, mara nyingi ni wingi wa watu au ni nyuma ya mnara.

Nyuma ya mnara kuna waya, na hili wengi hawalijui. Hewani ni kipande cha mwisho tu. Mnara huunganishwa kwa mkongo (waya wa nyuzi za kioo) ardhini, au kwa yale masahani ya duara kama ngoma yanayoutazama mnara mwingine, mnara hadi mnara mpaka kuufikia mkongo. Kisha Dar es Salaam, kisha baharini. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota nchini wakati minara yetu ya Moshi imesimama mizima.

Jaza daftari hilo wiki mbili. Kisha tafuta kitabu cha fizikia cha sekondari, sura ya mawimbi peke yake, uisome ukiwa na namba zako pembeni. Ukikwama niandikie tena, na uniletee namba za kibandani.

SWALI: Mama, habari za kazi. Mimi ni mzee wa miaka 81, Marangu. Mnara umejengwa karibu kabisa na shamba langu, kama mita sitini, lakini simu yangu inashika vibaya kuliko ya jirani aliye mbali. Wamenidhulumu?

JIBU: Shikamoo baba. Hapana, hujadhulumiwa. Antena zile ndefu zilizo juu hutupa mawimbi kwa mbele, zikiinamishwa kidogo tu kuelekea chini. Ni kama mtu anayemulika tochi mbali: miguu yake mwenyewe inabaki gizani. Jirani yako amesimama penye mwanga. Mwombe mjukuu atembee na simu kutoka mlangoni kwako kuelekea kwa jirani, akisoma ile namba ya dBm kila hatua ishirini. Pale itakapopanda, wekeni kiti chako cha kupigia simu.