Asipunguze dawa za figo kwa hofu ya Uviko-19

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mdogo wako aliyepandikizwa figo apunguze dawa za kushusha kinga ili mwili wake upambane na Uviko-19. Asithubutu kufanya hivyo bila daktari wake, kwa kuwa takrolimasi na dawa nyingine za aina hiyo ndizo zinazouzuia mwili kuikataa figo, na ikikataliwa huenda akarudi kwenye usafishaji wa damu, akikaa saa kadhaa kila wiki miongoni mwa wagonjwa wengine, mahali ambapo maambukizi humfikia kwa urahisi zaidi.

Chanjo za Uviko-19 hazina virusi hai vya ugonjwa huo, hivyo anaweza kuchanjwa, ingawa kinga anayoipata huwa hafifu na mara nyingi huhitaji dozi za nyongeza. Nanyi mnaoishi naye mchanjwe. Hili, kwa maoni yangu, hupuuzwa mno. Barakoa aivae penye msongamano.

Akihisi homa, hata ndogo, ampigie daktari siku hiyohiyo, wala asijinunulie dukani ibuprofeni, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, au erithromaisini, dawa ya kuua bakteria ambayo hupandisha kiwango cha takrolimasi katika damu.