Maswali ya wasomaji: Dogo wa miaka 15 na mechi ya watu 10

SWALI: Habari za kazi kaka mhariri. Juzi nilikuwa nabishana na washkaji kuhusu ile raga ya watu 13 ya Uingereza, mmoja akasema enzi za mwanzo kulikuwa na dogo alianza kucheza ya kulipwa ana miaka 15 akaja kuwa nahodha wa taifa, mi nikakataa. Akaongeza kuna mechi yao inaitwa Rorke's Drift, sasa hiyo si vita? Nisaidie kaka.

JIBU: Salama ndugu yangu. Mshkaji wako yuko sahihi, mpe haki yake. Huyo dogo ni Harold Wagstaff, kazaliwa 1891 Holmfirth, Yorkshire, na Novemba 1906 Huddersfield walimpanga mechi yake ya kwanza ana miaka 15 na miezi kama mitano, wamemsajili kwa pauni 5 za dhahabu. Timu ya taifa aliingia ana 17.

Na hizo hela zisikushangaze maana raga hii ilizaliwa kwa ugomvi wa hela. Tarehe 29 Agosti 1895, hapohapo Huddersfield kwenye hoteli ya George, klabu za kaskazini zilijitoa kwenye chama kikubwa cha raga kwa sababu wachezaji wao wengi walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani, wakienda kucheza Jumamosi wanakosa mshahara wa siku, na chama hakikutaka wafidiwe hata senti. Kwangu mimi klabu zilikuwa na haki kabisa, mtu ana watoto nyumbani.

Halafu mwaka 1906 huohuo anaoanza Wagstaff ndio wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, na aliyekabwa akaruhusiwa kuinuka na kuuchezesha mpira kwa mguu mambo yaendelee. Uwanja ukafunguka, na yeye ni senta, yaani mchezaji wa katikati ya safu ya nyuma, mwenye pasi, akakulia humohumo kwenye mchezo mpya. Msimu wa 1914-15 yeye nahodha, Huddersfield wakabeba makombe yote 4 waliyoyagombea, fainali ya Challenge Cup, lile kombe la mtoano, wakawapiga St Helens 37-3 na ile ya ubingwa wakawapiga Leeds 35-2. Winga wao Albert Rosenfeld, Mwaustralia, msimu wa kabla yake alifunga trai 80 (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani), na rekodi hiyo mpaka leo hakuna aliyeivunja.

Sasa Rorke's Drift. Jina ni la vita kweli, 1879 kule Natal, kikosi kidogo cha Waingereza kilizingirwa na jeshi la Wazulu na hakikushindwa, magazeti yakachukua jina hilo yakaibandika mechi. Mimi jina silipendi, Wazulu walikuwa kwenye mapambano ya nchi yao, ila mechi yenyewe nakuambia ni ya ajabu.

Ni Sydney, tarehe 4 Julai 1914. Waingereza wameshacheza na Australia tarehe 27 Juni wakashinda 23-5, wakarudi uwanjani tarehe 29 wakafungwa 12-7, halafu wenyeji wakaiwahisha ya tatu kabla ya tarehe yake, yaani mechi 3 za taifa ndani ya siku 8 na majeruhi wamejaa hotelini. Wageni wakalalamika, simu ya maandishi ikaja kutoka kwao kwamba mcheze tu. Nahodha ni Wagstaff, miaka 23.

Na enzi hizo hakuna sabu, ukiumia timu inabaki pungufu. Frank Williams akaumia mguu, Douglas Clark akavunjika kidole gumba akafungwa akaendelea, baadaye bega likaharibika akatoka, akajaribu kurudi ikashindikana, kipindi cha pili Billy Hall naye akapigwa kichwani akatolewa. Wamebaki 10 na bado kama nusu saa nzima! Wanaongoza 9-0, Australia wanakuja tu na hawa wanakaba tu, na katikati ya mateso hayo Wagstaff akapata upenyo akakimbia nao, akampasia Chick Johnson, mtu wa mbele aliyekuwa anaziba nafasi ya winga, naye akauweka chini akaukokota kwa miguu kama soka mpaka kwenye trai. Na teke la nyongeza la pointi 2 likaingia, 14-0. Australia wakapata trai 2 mwishoni, wakati huo trai ni pointi 3, ikaisha 14-6.

Mwezi mmoja kamili baadaye Uingereza ikaingia vita kuu. Wagstaff, Clark na Rosenfeld wote wakavaa sare za jeshi, Clark akavuta gesi ya sumu akapewa medali ya ushujaa, na bado mwaka 1920 alikuwemo tena kwenye meli ya Australia, nahodha Wagstaff yuleyule, ingawa safari hiyo walipoteza. Wagstaff aliacha kucheza 1925, akafariki 1939 ana miaka 48 tu. Mwaka 1988 Waingereza walipofungua jumba la heshima la raga hii waliingiza majina 9 ya kwanza, lake likiwemo.