Jibu: Grisi tunapaka, mbona reli ya kona bado inalika?

Habari mkuu, poleni na kazi. Nimekuelewa hivi: hapo Moshi mnapaka grisi kwenye kona, lakini reli ya nje bado inalika, na madereva wanalalamika kichwa cha treni kinateleza.

Kabla ya kuongeza grisi, pitisha kitambaa cheupe juu ya reli. Kikitoka na mafuta, grisi imepanda pasipotakiwa. Juu ya reli panatakiwa pakavu, maana ndipo treni inaposhika kuvuta na kufunga breki, na sehemu inayogusana ni ndogo kama sarafu. Futeni kwanza. Grisi ni ya shavu la ndani la reli ya nje, pale ukingo wa gurudumu unaposugua. Iwe kidogo tu, mwanzoni mwa kona. Magurudumu yenyewe yataisambaza.

Halafu vumbi. Genge letu la mafundi wa njia ya reli upande wa Arusha lilihangaika nalo miezi mingi. Kiangazi udongo ule laini unachanganyika na grisi ya zamani, pamoja na mchanga unaomwagwa na kichwa cha treni kisiteleze, inakuwa msasa kabisa. Tulipoanza kukwangua ya zamani kabla ya kupaka mpya, chenga za chuma kando ya reli zilipungua.

Zikiendelea kwenu, pimeni geji, yaani nafasi kati ya reli mbili (yetu ni milimita 1,000), na mwinuko wa reli ya nje juu ya ile ya ndani.

Na mkiona nyufa ndogo, tafadhali msizifunike kwa grisi. Mafuta yakiingia ndani, gurudumu linayakandamiza na ufa unazidi kwenda chini. Mwiteni mkaguzi siku hiyo hiyo.