Hitisinki ya SSD: angalia pedi kabla ya kununua

Mkuu, umeuliza kama SSD yako ya M.2 (ile bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta) ya Gen4 (kizazi cha nne) inunuliwe hitisinki, kile chuma cha kupoza joto, ilhali mazabodi imekuja na kifuniko chake cha alumini. Usinunue, hicho kinatosha. SSD za SATA za inchi 2.5, zile za zamani za kuunganishwa kwa kebo, hazihitaji kitu, na NVMe (SSD za kasi kama hiyo yako) nyingi za Gen3 hufanya kazi bila hitisinki kwa matumizi ya kawaida. Gen5 ndizo usiziache wazi, maana zikiandika mfululizo zinaweza kula wati 10 na zaidi. Ila SSD iliyokuja na hitisinki yake kiwandani haiingii chini ya kifuniko cha mazabodi, chagua kimoja.

Tatizo kubwa liko kwenye kufunga. Pedi ya kupitisha joto, inayokaa kati ya SSD na hitisinki, ina ngozi ya plastiki, wakati mwingine pande zote mbili. Ukisahau kuibandua, umeivalisha SSD blanketi. Halafu unene: kuna za 0.5, 1 na 1.5 mm. Nyembamba mno haigusi kontrola, chipu inayoendesha SSD, nayo ndiyo inayochemka kuliko chipu za kumbukumbu. Nene mno inapinda SSD nzima, hasa ukiweka pedi ya chini kwenye SSD yenye chipu upande mmoja tu. Funga, kisha fungua tena uangalie: kama alama ya kontrola haijajichora kwenye pedi, haikugusa. Skrubu zenyewe ni ndogo, zikaze kwa vidole viwili tu. Stika ya SSD usiibandue, unaweza kupoteza waranti, na baadhi zina utando wa shaba ndani unaosambaza joto.

Hitisinki ndefu zenye kifeni? Sloti ya juu kwa kawaida iko katikati ya prosesa na kadi ya picha, kwa hiyo pima kwa rula kwanza. Hivyo vifeni vina kelele, na hewa ya feni za kesi hufanya kazi hiyo bure.

Ukimaliza, nakili folda ya GB 100 huku CrystalDiskInfo, programu ya Windows inayoonyesha joto la SSD, iko wazi. Wa Linux atumie `smartctl -a /dev/nvme0`. Chini ya nyuzi 70, iache. Nyingi hujipunguzia kasi kati ya 70 na 85 kutegemea modeli. Kasi ikianguka joto likiwa 55, hapo kashe ya SLC, sehemu ya SSD inayopokea data kwa kasi kwanza, imejaa, na hitisinki ya bei yoyote haitasaidia.