Kuripoti Uhamiaji wa Ufilipino ukiwa Tanga

Ndugu yangu, umeuliza kama mwanao anayesoma Manila, ambaye yuko likizo nyumbani Ngamiani tangu Januari, anavunja sheria kwa kutoripoti Uhamiaji wa Ufilipino kabla ya Machi. Havunji. Sheria ya mwaka 1950 inamtaka kila mgeni aliyesajiliwa, yaani mwenye kadi ya usajili wa wageni (ACR), afike mwenyewe ofisini ndani ya siku 60 za mwanzo wa kila mwaka na kulipa ada, ambayo kwa miaka mingi imekuwa peso 310. Lakini aliye nje ya nchi wakati huo hupewa siku 30 tangu anapowasili, mradi kibali chake cha kurejea hakijaisha muda. Nakuomba sana mkitazame kibali hicho leo hii, kwani ndicho kinachosahaulika kirahisi. Tarehe ya kuwasili itathibitishwa na muhuri wa uwanja wa ndege, kwa hiyo atoe nakala ya ukurasa huo wa pasipoti, abebe na kadi yenyewe pamoja na risiti ya mwaka uliopita. Usihangaike kwenda ofisi ya Uhamiaji hapa Tanga. Haihusiki na jambo hili.